Shahidi Ndani ya Mchuzi

Maharage ndiyo yaliyomshtaki Elirehema Kaaya. Wakaguzi kutoka mjini walikuwa wamepita wiki moja kabla na vipimo vyao, wakanywa chai, wakatia sahihi, wakaondoka wameridhika. Kisha Jumanne moja, saa tano asubuhi, Mama Sifa wa jikoni akachungulia kwenye chumba cha mabeseni, mwiko mkononi, akasema chakula kiko tayari.

"Saa tano hii?" Elirehema aliuliza bila kuinua kichwa. "Umepika nini, chai?"

"Maharage, Mama Kunda. Nimeyabandika saa nne. Siku hizi yanaiva upesi mno, sijui ni mbegu gani hii. Tangu mwezi wa nane hivi. Hata umeme nautumia nusu."

Mama Sifa alirudi jikoni akijichekea. Elirehema alibaki amesimama na koleo lake refu, na kwenye koleo bamba la magnesi likichuruzika asidi tone baada ya tone. Alilirudisha bamba kwenye beseni, akafunika, akavua glavu, akaketi.

Mtu yeyote aliyezaliwa upande wa kaskazini wa Mlima Meru anajua habari ya maharage. Maji yanayotoka mlimani yana magadi, nayo huyalainisha maharage kabla hujamaliza kufagia uwanja. Maji ya mvua hayana haraka hiyo. Ukibandika maharage kwa maji ya mvua saa nne, utakula saa saba, tena ukiwa na bahati. Na jiko la karakana lilikunywa kutoka tangi moja na mabeseni, tangi kubwa la paani ambalo tangu karakana ijengwe halikupaswa kuona kitu kingine chochote ila maji ya mvua.

Maji ya mlimani yana magadi, na pamoja na magadi yana floraidi. Hiyo ndiyo iliyoyapaka meno ya Elirehema rangi ya kahawia tangu utotoni, ikamfundisha kucheka na kiganja mdomoni. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na bado alicheka hivyo.

Akakumbuka mwezi wa nane. Akakumbuka mkono wake mwenyewe juu ya koki.

*

Pale karakana mabamba yaliitwa wageni. Bamba la magnesi hufungwa kwenye mfupa uliovunjika, likaushika hadi uunge, kisha likaliwa na mwili polepole mpaka lisibaki hata chembe. Hakuna kupasuliwa mara ya pili ili kulitoa. Enzi za chuma cha pua watu walizikwa na vyuma vyao. Sasa mgeni alikaa, akafanya kazi yake, akaondoka bila kumsumbua mtu.

Shida ya magnesi ni pupa. Ukiiacha uchi, damu huivamia siku hiyo hiyo, ikatoa mapovu ya haidrojeni, na baada ya wiki chache bamba limekuwa unga huku mfupa bado uko vipande viwili. Kwa hiyo huvishwa ngozi: utando mwembamba wa floraidi ambao magnesi hujijengea ikizamishwa kwenye asidi. Mzamo mmoja, ngozi moja. Ngozi nyembamba, mgeni anaondoka mapema. Ngozi nene kupita kiasi, mgeni anagoma kuondoka. Kazi ya Elirehema kwa miaka ishirini na sita ilikuwa kujua ni mizamo mingapi, na kila bamba alilovisha lilichapwa herufi mbili pembeni, E.K.

Hakujua kwa kubahatisha. Kila kundi la mabamba lilikuwa na shahidi wake, kipande kidogo kama ukucha kilichokatwa kwenye magnesi ile ile na kuvishwa pamoja nayo. Shahidi alitiwa kwenye chupa ya mchuzi, yaani maji ya mvua yaliyotiwa chumvi kwa kipimo yakafanana na damu, yakawekwa kwenye joto la mwili. Akikaa siku saba bila kutoa povu, kundi limefaulu. Akitoa povu, kundi linarudi kuzamishwa tena.

Mwezi wa nane mvua zilikuwa zimechelewa na tangi lilikuwa likigonga mtupu. Hospitali ya bondeni ilihitaji mabamba. Elirehema alipanda ngazi, akaunganisha bomba la mlimani, akafungua koki nusu siku. Ukutani palikuwa na alama ya kitu kilichobanduliwa: hapo zamani wakufunzi wa mjini walibandika karatasi ya kukataza maji hayo, wakachora na mdomo wenye meno ya kahawia ili hata asiyesoma aelewe. Elirehema ndiye aliyeikwangua kwa kisu, mwaka wake wa kwanza, na wenzake wakampigia makofi. Maji haya yamenilea, alisema siku ile. Na mwezi wa nane, juu ya ngazi, alikuwa bado anaamini hivyo. Chujio la tangi lingeshika mabaya. Kipimo cha chumvi kilipopanda kidogo alipunguza chumvi ya mchuzi hadi kikatulia, kwa sababu kipimo kile kilihesabu chumvi zote kwa jumla, hakikuuliza ni chumvi gani.

Kwa hiyo mashahidi wa mwezi wa nane walitiwa kwenye mchuzi uliojaa floraidi, mchuzi uliowaongezea ngozi wakiwa ndani. Walikaa siku saba wametulia kabisa. Mzamo mmoja unatosha, Elirehema aliandika kwenye daftari la kazi. Kundi lilihitaji miwili.

*

Alisubiri siku mbili kabla ya kusema, na siku hizo mbili hakula vizuri. Alikuwa amekinga maji ya mvua kutoka paa la nyumba yake mwenyewe, akatengeneza mchuzi upya, akamtia shahidi mwingine wa kundi lile lile, ambaye hakuwahi kuguswa na mchuzi. Alhamisi asubuhi alipofungua sanduku la joto, mapovu yalikuwa yakipanda kutoka kwenye kile kipande, moja moja, bila haraka, yakipasukia juu.

Alizibeba chupa mbili, moja ya mchuzi wa tangi na moja ya mchuzi wa mvua, hadi ofisini kwa Aminieli Nnko. Aminieli alikuwa mkuu wa karakana sasa, lakini Elirehema ndiye aliyemfundisha kushika koleo, na mpaka leo Aminieli alisimama kila mwalimu wake alipoingia.

"Shikamoo, Mama Kunda."

"Marahaba, Mkuu." Neno hilo huwa analitia utani kidogo. Siku hiyo halikuwa na utani.

Akaziweka chupa mezani. Aliposema yote, kuanzia maharage hadi koki, Aminieli alikuwa ameketi na mikono yake miwili imelala juu ya meza.

"Ni kundi gani?"

"Kundi la mwezi wa nane. Makundi mengine yote nimeyakagua kwenye daftari, yako salama, yalivishwa kabla ya koki. Lina mabamba arobaini; thelathini na tisa nimeyafungia kabatini. Ufunguo huu hapa."

"Na la arobaini?"

"Liko kwenye paja la Paskalina Qamara."

Aminieli alimkumbuka. Nani asingemkumbuka? Fundi wa minara ya umeme wa upepo, binti wa kutoka Mbulu, aliyedondoka akaletwa na ndege ya wagonjwa jioni moja, na hospitali ikapiga simu ikitaka bamba saa ile ile. Sasa alikuwa wiki ya tano. Mfupa wa paja huhitaji wiki kumi na mbili. Bamba lenye ngozi moja lingemfikisha wiki ya nane, labda ya tisa. Na alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Akifunguliwa tena?" Aminieli aliuliza.

"Nimemuuliza daktari, bila kutaja jina. Anasema mguu utapona. Mimba hawezi kuiahidi."

Aminieli aliuchukua ufunguo, akaugeuza vidoleni. Alikuwa mtu mwema, na Elirehema aliliona hilo usoni mwake hata alipokuwa akitafuta njia ya kuukimbia ukweli.

"Kuna matone," alisema hatimaye. "Matone ya floraidi, yale makali. Akiyanywa kila siku, damu yake yenyewe itamlindia bamba. Litashika hadi wiki ya kumi na tatu, kumi na nne. Hospitali huwapa wazee wenye mifupa laini, hakuna atakayeshangaa. Ataambiwa ni ya kuimarisha mfupa, na kwa kweli ndiyo kazi yake."

"Na mtoto?"

"Labda meno tu, Mama Kunda. Sisi sote tuna meno hayo na tunaishi."

Elirehema alimtazama. Aminieli naye alikuwa na meno yale, ila yeye aliyavika ya bandia alipopewa cheo.

"Ndekirwa hakuwa na meno tu," Elirehema alisema.

Ndekirwa alikuwa mdogo wake. Mama yao alikunywa kisima kile cha chini, kile kibaya kuliko vyote, miezi yote tisa, na akaendelea kumnywesha mtoto. Akiwa na miaka minne miguu yake ilikuwa imepinda kama bua lililokanyagwa. Elirehema alimbeba mgongoni kwenda shule mpaka yeye mwenyewe alipomaliza, na baada ya hapo hakuna aliyembeba. Alikuja karakana kwa ajili ya Ndekirwa, ingawa Ndekirwa alikuwa amekwisha kufa. Aminieli alilijua hilo. Alikuwa mazikoni.

"Wakisikia kwamba ni maji yetu," Aminieli alisema taratibu, "wataifunga karakana na kuihamishia mjini. Umesahau walivyosema tulipoanza? Watu wa meno ya kahawia waaminiweje na mifupa ya wenzao. Nyumba arobaini na moja zinakula hapa. Sikuombi useme uongo. Nakuomba usiseme kitu."

"Na akiuliza matone ni ya nini, nani atamjibu?"

"Matone ni dawa."

"Dawa ya nani, Aminieli?"

Ilikuwa miaka kumi tangu amwite kwa jina tupu. Aminieli aliinamisha kichwa, akaitazama chupa yenye mapovu. Elirehema alizichukua chupa zake zote mbili.

"Andika barua yako kwa wakaguzi, Mkuu, useme fundi alifungua koki bila ruhusa yako, maana ndivyo ilivyokuwa. Mimi nashuka bondeni leo."

"Mvishaji hamwoni mgonjwa kabla ya siku ya kuaga," Aminieli alisema, lakini hakuwa akimkataza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbusha jambo ambalo wote wawili walilipenda.

*

Kuaga mgeni ilikuwa desturi yao wenyewe, haikuandikwa popote. Picha ikionyesha kwamba bamba limekwisha kabisa, mgonjwa alipanda mpaka karakana na kibuyu cha maziwa, akamtafuta mwenye herufi zilizochapwa kwenye bamba lake, wakanywa pamoja. Kabla ya siku hiyo mvishaji hakukanyaga wodini. Waliamini kwamba kumwona mgonjwa mapema ni kumharakisha mgeni.

Paskalina alikuwa ameegemea mito karibu na dirisha, mguu wake umenyooshwa, akifuma soksi ndogo sana. Alikuwa na mabega mapana ya mtu aliyezoea kujivuta juu kwa kamba. Elirehema alipojitaja jina, uso wote wa yule binti ulifunguka.

"E.K.," alisema. "Nimeziona kwenye picha. Shikamoo mama. Nilikuwa nikisema siku moja nitakuja kwako." Kisha akasita kidogo, akacheka. "Lakini mbona mapema? Mgeni hajaondoka bado. Au mnapokea maziwa hata ya mkopo?" Tayari alikuwa amenyoosha mkono kwenye chupa ya maziwa iliyokuwa kando ya kitanda, akaijaza bilauri, akamnyooshea.

Elirehema hakuipokea. Alipenda sana kuipokea. Kwa kitambo kidogo alifikiri kwamba angeweza kuyanywa tu, amshukuru, amtakie heri, ashike njia.

"Sikuja kuaga, mwanangu," alisema. "Nimekuja kukuambia nilichokukosea. Weka maziwa chini kwanza."

Alimwambia yote. Hakumficha koki wala karatasi aliyoikwangua, wala matone ambayo angeweza kupewa bila kuelezwa, ila hakutaja ni nani aliyeyataja. Paskalina alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya tumbo. Alipoelewa, alitoa sauti moja tu, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Kwa hiyo nina njia tatu," alisema. "Nikae hivi hivi niombe Mungu mfupa uwahi. Nifunguliwe tena. Au ninywe."

"Ndiyo."

"Nikinywa, mguu unapona."

"Karibu hakika."

"Na mtoto anakuwaje? Usiniambie kidaktari. Niambie anakuwaje."

Elirehema aliushusha mkono wake kutoka mdomoni, mahali ulipokuwa umejiweka wenyewe kama kawaida, akamwonyesha meno. Aliyaonyesha yote, ya juu na ya chini, mchana kweupe, kwa mtu asiyemjua. Kisha akamweleza habari za Ndekirwa. Alimweleza uzito wake mgongoni kila mwaka, na jinsi alivyokuwa akiimba njia nzima ili dada asichoke.

"Kwa matone, inaweza kuwa meno tu, inaweza kuwa zaidi," alimaliza. "Hakuna ajuaye, maana hakuna aliyewahi kumpa mwenye mimba kiasi hicho. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya."

"Na wewe ungefanya nini?"

"Mimi ndiye niliyekufikisha hapa. Usinipe mimi kuamua."

Paskalina alitazama nje. Alikuwa na hasira, na aliiacha ionekane. "Nimekuwa nikilala nimetulia wiki tano," alisema. "Kila siku nasema asante mgeni, shika vizuri. Naongea nalo kama mtu." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ile soksi. "Ondoka kidogo, mama. Rudi kesho."

Elirehema aliondoka. Bilauri ya maziwa ilibaki pale ilipowekwa.

Aliporudi kesho yake, hapakuwa na mito mgongoni. Paskalina alikuwa ameketi wima.

"Watanifungua," alisema. "Matone sinywi. Mimi nimedondoka kwa miguu yangu, mtoto hajadondoka popote. Akinitoka, nitalia, lakini nitajua nilimlinda." Alivuta pumzi. "Bamba jipya nani analivisha?"

"Yuko fundi mzuri mjini. Nitakupa jina lake."

"Huyo mimi namjua? Simjui. Utalivisha wewe."

"Mwanangu, barua imekwisha kwenda. Baada ya wiki hii sitaruhusiwa kugusa koleo."

"Basi fanya wiki hii. Na huyo shahidi wako umlete hapa. Hapo dirishani. Nitamtazama mwenyewe siku saba, na maji ya mvua nitakinga mimi, kwenye paa la hospitali, kwa mikono ya muuguzi ninayemwamini. Nikiona povu moja, umekwenda zako."

*

Alilivisha Ijumaa ile ile, mizamo miwili, Aminieli akiwa amesimama nyuma yake kimya na saa mkononi, akihesabu dakika kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mwanafunzi. Lilipotoka alilichapa herufi zake.

Siku saba chupa ilikaa dirishani kwa Paskalina, juu ya kisahani chenye joto. Elirehema alishuka kila asubuhi, akaketi upande mmoja wa chupa, Paskalina upande wa pili. Siku za kwanza Paskalina alifuma soksi yake tu. Siku ya tatu Paskalina aliuliza Ndekirwa alikuwa akiimba nini, Elirehema akamwimbia kidogo, kwa aibu. Siku ya tano mtoto alipiga teke, na Paskalina, bado amenuna, akauchukua mkono wa Elirehema akauweka pale. Siku ya saba daktari aliinama akaitazama chupa kwa kioo chake cha kukuzia. Shahidi alikuwa safi, anang'aa kama alivyoingia.

Walimpeleka chumba cha upasuaji Ijumaa saa nne asubuhi. Mlangoni alimgeukia Elirehema.

"Siku ya kuaga nitakuja na maziwa."

"Nitakuwa si fundi tena."

"Sikuuliza kazi yako. Niambie nyumba yako iko wapi."

Elirehema hakuweza kubaki kwenye benchi la hospitali. Alipanda mpaka karakana, na kwa kuwa hakuruhusiwa tena kwenye mabeseni, aliingia jikoni. Tangi lilikuwa limemwagwa, limesuguliwa, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza kulijaza upya. Mama Sifa alikuwa amebandika maharage saa nne ile ile. Akampisha kigoda bila kuuliza kitu, wakaketi wawili wanaitazama sufuria.

Saa tano ilipita. Saa sita ikapita. Kila baada ya muda Mama Sifa alichota punje moja, akaibana kwa vidole, akatikisa kichwa. Aminieli alikuja akasimama mlangoni, naye akasubiri, meno yake ya bandia yamebana mdomo wa chini.

Simu ilipolia, Elirehema aliiacha ikalia mara mbili kabla ya kuipokea. Daktari alisema la zamani limetoka, ngozi yake ilikuwa imeanza kutoboka; jipya limefungwa. Kisha akanyamaza, na Elirehema akasikia kitu kingine kwa mbali, kidogo, cha haraka sana, kinachokimbia bila kupumzika. Daktari alikuwa amekisogeza chombo cha kusikilizia mimba karibu na simu.

Alisikiliza mpaka daktari alipokata. Kisha aliiweka simu mapajani, akalia bila kujifunika mdomo, wala hakujali ni nani anayaona meno yake.

Mama Sifa alimwacha. Alipoona ametulia kidogo, alichota punje nyingine kutoka kwenye sufuria, akaitia kiganjani mwake. Elirehema akaibana kwa vidole viwili. Ilikuwa saa saba kasorobo, na maharage yalikuwa bado magumu.